Fiat ya Banda la Kuku
Sehemu ya Saba: Aliyelinunua

Kuku alikuwa amelalia mayai mahali palepale ilipopaswa kuwa injini.

Tarno alisimama na turubai mkononi, mdomo wazi. Wewe msomaji uliyemwacha hapo Jumapili iliyopita ukimlaani mhariri, haya, sogea utazame naye: mawe manne, doa la oili, makapi ya mpunga, na kuku. Fiat 1100 ya mwaka 1957, gari alilolitembelea kwa miaka tisa kama mtu anayetembelea mchumba, halikuwepo.

"Bu! Mama! Bu Ngatinah!"

Mjane mwenye gari akatokea nyuma ya banda na ungo wa mchele mkononi. Ana miaka sabini na minane na hajawahi kumkimbilia mtu.

"Punguza sauti, Nak Tarno, mwanangu. Utamtoa kuku kwenye mayai."

"Gari liko wapi?"

"Limeondoka asubuhi. Nimeliuza."

Tarno ni fundi wa bodi mjini Malang, mtu wa miaka hamsini na miwili. Mikono yake hunyoosha bati lililokunjamana mpaka mwenye gari akasahau aligonga wapi. Sasa mikono hiyo ilishindwa kukunja turubai.

"Umemuuzia nani?"

"Aliyenipendeza."

"Bu, nimekuja hapa miaka tisa!"

"Umekuja. Na kila ukija unanihesabia kutu. Sakafu imeoza, Bu. Vizingiti vya milango vimekwisha, Bu. Nipunguzie, Bu. Mume wangu amezikwa hapo juu ya shamba la matufaha, alikuwa anakusikia yote." Akapepeta mchele wake mara mbili. "Aliyelinunua hakusema neno la kutu. Aliniuliza nilikuwa nakaa kiti gani."

"Nani amelibeba?"

"Lori lilikuja na Gunadi, yule mwenye duka la betri. Alisema mnafahamiana."

Mnafahamiana! Gunadi alikuwa rafiki yake wa miaka thelathini. Ni yeye Tarno aliyemleta Gunadi bandani hapa mara ya kwanza, akafunua turubai taratibu na kumwambia, "Tazama, lakini usiguse."

Naye, kumbe, aligusa.

Tarno akaruka juu ya pikipiki yake bila kuaga.

* * *

Alilikuta lori kwenye kona za mteremko wa kutoka Batu kwa mjane kushuka Malang, limesimama mbele ya kibanda cha kahawa. Na juu ya mgongo wa lori, limefungwa minyororo, lilikuwepo gari.

Hakuwahi kuliona juani. Miaka tisa alilitazama kwa tochi, gizani, kipande kipande. Sasa alionyeshwa lote kwa mara moja: rangi iliyokuwa ya maziwa na sasa ni ya chai, taa mbili za mviringo, ile milango ya mbele inayofunguka kinyume kama kabati. Lilikuwa limeoza vibaya, na lilikuwa zuri mno. Na aliyelitoa nje si yeye.

Gunadi alikaa kwenye benchi na glasi ya kahawa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi kama kawaida, ingawa ni mgane wa miaka mitatu na hana wa kumpigia.

"Mas Tarno," akasema, akimwita kaka kama siku zote. "Kaa. Nikuagizie kahawa?"

"Kahawa ya nini? Ya matanga?"

"Kaa kwanza."

"Rafiki wa miaka thelathini! Umeniibia gari langu!"

"Gari halijawahi kuwa lako, Mas. Ulikuwa unalipigia hodi tu."

Dereva wa lori akacheka ndani ya glasi yake. Tarno akamkata jicho, kisha akamgeukia tena mwenzake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu si mimi wa kukuambia."

"Nani basi? Kuku?"

Gunadi akainua glasi, akanywa. Tarno aliona ni kiburi.

"Wewe ni muuza betri," akasema. "Bodi unaijulia wapi? Litakuozea."

"Sijui bodi. Ndiyo maana anatafutwa fundi. Ukitaka, karibu."

"Nilishike gari hilo? Labda siku ya kulizika!"

"Sawa. Mshonaji wa viti ameshapatikana. Nilidhani na fundi wa bodi angetoka nyumba hiyohiyo."

Hapo hata muuza kahawa aliacha kukoroga.

"Mshonaji gani?" Tarno akauliza polepole.

Gunadi akainamia glasi yake kama mtu aliyejiuma ulimi. "Muulize mkeo, Mbak Prapti."

* * *

Prapti alikuwa barazani mbele ya cherehani, miguu juu ya pedali, sindano tatu mdomoni. Ni mke wa Tarno kwa miaka ishirini na minne, na kwa miaka hiyo yote anashona viti vya magari. Mji mzima unajua: kiti cha Prapti hakilegei.

Mezani palikuwa na ngozi ya viti ya rangi ya krimu, mpya, imekatwa kwa umbo ambalo Tarno alilijua kwa kulipapasa gizani. Kiti cha nyuma cha Fiat 1100.

"Ulijua," akasema.

Prapti akatoa sindano mdomoni, moja moja. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla yako."

"Na ukanyamaza! Mke wangu, ndani ya nyumba yangu, unamshonea viti mtu aliyeninyang'anya gari!"

"Nina kazi ya viti kwenye gereji ya Gunadi. Kila siku saa mbili mpaka saa kumi. Chakula chako kitakuwa mezani, funika usiache nzi."

"Sijakuruhusu."

"Sijakuomba, Mas."

Tarno akageuka asimpige mtu teke, akapiga ndoo. Ndoo ikabiringika uani, ikagonga turubai la kwanza. Maana uani kwake kulikuwa na maturubai manne, na chini ya kila moja kulikuwa na mkweche alioununua kwa furaha na kuahidi kuufufua. Morris, Opel, Fiat nyingine ndogo, na kitu ambacho hata yeye alikuwa ameanza kusahau ni nini. Hakuna hata mmoja uliowahi kutoka.

"Wewe hupendi magari," Prapti akasema nyuma yake. "Wewe unapenda kuyatamani."

* * *

Basi zikaanza wiki tatu ambazo simtakii adui yangu.

Prapti anaondoka saa mbili, nywele zimebanwa vizuri. Anarudi saa kumi, ananuka gundi, anaimba kwa kufunga midomo. Wiki ya kwanza alinunua poda. Wiki ya pili alinunua viatu vipya, bapa, vyenye kamba ya kukaza mguuni.

"Vya nini hivyo?" Tarno akauliza.

"Vya kukanyagia."

"Kukanyagia nini? Mimi?"

Prapti akacheka. Hakuwa amecheka mezani kwao kwa muda mrefu, na kicheko hicho Tarno akakichukua, akakigeuza kila upande, akaona kimetoka kwa Gunadi.

Alimwonea wivu Gunadi kwa gari. Alimwonea wivu kwa mke. Usiku aliamka akajikuta akilionea wivu gari lenyewe, kwamba Prapti analishika kutwa nzima.

Jumapili akaenda uwanjani wanapokutana wenye magari ya zamani, akidhani atapumua. Alimkuta Cak Mul, muuza tempe, vipande vya soya vya kukaanga, mtu ambaye hajawahi kushika siri wala chumvi.

"Cak Tarno! Kaka, nasikia lile Fiat lako limeolewa!"

"Kaanga tempe zako."

"Nakaanga. Ila watu wanasema bwana harusi amechukua gari na mshonaji kwa pamoja. Jana walionekana ndani ya pikapu ya Gunadi, kule barabara ya viwanja vya mpira. Mwanamke ndiye alikuwa..."

"Alikuwa nini?"

Cak Mul akaona sura ya mteja wake, akafunga mdomo kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Akamwongezea tempe mbili bure. Hiyo ndiyo iliyomchoma Tarno kuliko maneno. Ukiona unapewa tempe za bure, ujue umekwisha kuhurumiwa.

Hakuzila. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akafungua kabati la misasa, akaingiza mkono mpaka nyuma kabisa, akatoa bahasha.

Ndani ya bahasha ilikuwemo kadi ya gari. Kadi ya lile Fiat.

Ndiyo. Miaka sita iliyopita Bu Ngatinah alimkabidhi kadi hiyo kwa mikono miwili, ili akaulizie ofisi ya usajili kama gari bado lina namba yake. Tarno hakufika ofisini. Alirudi kwa mjane wiki iliyofuata akiwa ameinamisha kichwa, akasema imemwanguka njiani kwenye pikipiki. Alijua anachofanya. Gari lisilo na kadi halina mnunuzi wa maana, na litaendelea kukaa bandani likimsubiri yeye.

Sasa akaitia kadi mfukoni mwa koti. Gunadi ana gari, sawa. Bila karatasi hii ana banda la kuku lenye magurudumu.

"Leo nitaona nani anacheka," akasema.

* * *

Gereji ya Gunadi iko nyuma ya duka lake. Lango lilikuwa limeegeshwa tu. Tarno alisikia vicheko kabla hajafika. Kimoja cha mwanamume. Kimoja cha Prapti.

Akachungulia penye ufa.

Fiat lilikuwa limeinuliwa juu ya vigogo. Halikuwa na boneti wala bampa, na kupitia sakafu yake unaona ardhi. Lakini ndani kulikuwa na viti vya krimu, vimenyooka, vinang'aa. Prapti alikaa mbele, kwenye usukani. Gunadi alikaa kando yake. Na Tarno aliona kwa macho yake mkono wa Gunadi ukiwa juu ya mkono wa mkewe.

Akalipiga lango teke, likapiga ukuta.

"Toka nje, malaya wee!"

Vicheko vikakatika.

"Na wewe, mwizi wa magari na wake za watu! Unadhani umeshinda? Unajua hii ni nini?" Akachomoa kadi, akaipeperusha hewani. "Kadi! Hii hapa! Miaka sita ninayo mimi! Bila hii, gari lako halitoki hata nje ya lango. Lilalie kama kuku!"

Gunadi hakuwa akimtazama yeye. Prapti naye hakuwa akimtazama yeye. Wote wawili waligeuza shingo kutazama kiti cha nyuma.

Kwenye kiti cha nyuma, amenyooka kama yuko msikitini, kitenge cha batiki magotini, alikaa Bu Ngatinah.

"Uliniambia imeanguka njiani," mjane akasema.

Tarno akashusha mkono.

"Nilikusanya majirani, Nak Tarno. Tulitembea barabara yote mpaka mtoni, siku mbili, tunainama na kutafuta. Magoti yangu yameharibika tangu siku ile. Nawe ulikuja ukatafuta pamoja nasi. Nilikukaangia hata ndizi."

Hilo Tarno alikuwa amelisahau. Kweli kabisa, alikuwa amelisahau. Lilirudi lote, na ladha ya ndizi.

"Bu, mimi..."

"Mletee mwenyewe kadi yake."

Tarno akapiga hatua tatu, akamnyooshea Gunadi kadi kupitia dirishani bila kumtazama.

Gunadi hakuipokea. Alikuwa amekwisha kuuondoa mkono wake, na sasa Tarno aliona ulikuwa umeshika nini: rungu la gia, lile linalotoka ubavuni mwa usukani. Prapti ndiye alikuwa amelishika, naye Gunadi akimwelekeza.

"Si mimi, Mas," Gunadi akasema. "Mimi nimetoa lori na kivuli tu. Gari si langu."

"La nani?"

Prapti akafungua ule mlango unaofunguka kinyume, akashuka kwa viatu vyake bapa.

"Langu."

* * *

Msomaji, nimeona watu wakipigwa ngumi wakabaki na sura ya akili kuliko Tarno alivyobaki wakati ule.

"Lako? Wewe?"

"Ulinileta kwa Bu mara moja, miaka mitatu iliyopita. Ulilala chini ya gari saa mbili nzima ukipima kutu. Mimi nilikaa na mwenyewe. Nikarudi tena peke yangu. Nikarudi tena. Kila Alhamisi nilipokuwa nakuambia nakwenda kwa dada."

"Kwa nini hukusema? Mimi ni mumeo!"

"Ningesema, lingekuwa turubai la tano."

Tarno akatafuta la kusema, akapata baya kuliko yote.

"Hujui hata kuendesha."

"Gunadi ananifundisha. Kwenye pikapu yake, kule viwanjani. Cak Mul hakukuambia? Anawaambia wote."

Sauti ya Prapti ilikuwa haijapanda. Sasa ikashuka, na hapo ndipo ilipouma.

"Miaka ishirini na minne nashona viti vya magari ya watu, Mas. Sijawahi kukaa hata kwenye kimoja gari likitembea. Wenyewe wanakuja, wananishukuru, wanapanda na wake zao. Mimi natoa nyuzi kwenye nguo. Na leo umeniita malaya mbele ya mtu mzima, kwa sababu nimeshika gia."

Bu Ngatinah aligeukia upande wa pili, kumsitiri.

"Sasa nenda nyumbani," Prapti akasema. "Kesho ukitaka, njoo. Sakafu imeoza na vizingiti vimekwisha, hilo ulisema kweli. Nimeita mafundi watatu wakalitazama. Wewe ni bora kuliko wote watatu. Hilo ndilo linaloniudhi."

* * *

Alikuja?

Siku ya kwanza hakuja. Alilala akigeukia ukuta, akasema ana homa. Siku ya pili alifika mpaka kwenye lango, akarudi. Siku ya tatu Gunadi alifungua gereji saa moja asubuhi akamkuta amechutama nje na mtungi wake wa gesi, miwani ya kuchomelea kichwani, macho mekundu.

"Usiseme kitu," Tarno akasema.

"Sisemi."

"Nilikutukana."

"Nilisikia, Mas. Ingiza mtungi."

Prapti alimpa masharti akiwa amesimama, kama anavyopewa mfanyakazi wa siku. Rangi atachagua Prapti mwenyewe. Gunadi ataendelea kumfundisha. Na hakuna turubai. Hata ikinyesha, hakuna turubai.

Tarno akakata sakafu iliyooza, akaitupa nje vipande vipande. Akapima bati jipya, akalikunja, akalipiga nyundo mpaka likakaa kama limezaliwa hapo. Miezi miwili na nusu alilala chini ya gari ambalo si lake.

Msifikiri wivu uliisha. Wivu ulibadilisha kiti tu. Mchana, akiwa chini, aliona miguu ya Prapti ikienda na kurudi, akasikia watu wakija kutazama na kusema, "Gari lako zuri, Mbak," na kila "lako" ilimwingia kama cheche kwenye shingo. Prapti alipochagua rangi ya kijani cha jani changa la mgomba, Tarno aliona ni kosa kubwa. Akanyamaza. Ilipopakwa, akaona ni sawasawa kabisa, na hilo likamuuma zaidi.

Lakini kulikuwa na mchana mmoja. Prapti aliinama, akaingiza kichwa chini ya gari, akampa sahani ya wali na rawon, mchuzi mweusi wa nyama. Akaona ule mstari wa kuchomelea kwenye kizingiti, mwembamba, umenyooka kama mshono wa cherehani yake.

"Huu umeufanya wewe?"

"Nani mwingine?"

Akaupitisha kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole. "Mzuri," akasema, akaondoka.

Tarno alikaa na sahani kifuani mpaka mchuzi ukapoa. Ndani ya miaka tisa ya kulitamani gari hilo, hakuwahi kujisikia vile.

* * *

Injini iliwaka Jumamosi, saa tatu asubuhi, baada ya kukohoa mara nne na kutema moshi mweusi uliomfukuza Gunadi mpaka barabarani. Ilipoacha kukohoa ikaanza kunguruma vizuri, sauti nene, ya raha.

Prapti alikaa kwenye usukani, amevaa kebaya, blauzi yake ya kwendea harusi za watu. Safari ya kwanza alikuwa ameshaipanga: kwenda Batu kumchukua Bu Ngatinah, kumketisha kiti chake cha zamani, cha nyuma upande wa kushoto, kumzungusha popote atakapo.

"Mas," akaita. "Unasimama nini hapo? Panda."

Tarno akafuta mikono mara tatu. Akapanda kiti cha mbele, kando ya mkewe. Ngozi ikalia chini yake. Akashika magoti kama mgeni.

"Klachi, Mbak!" Gunadi akapaza sauti. "Taratibu klachi!"

Fiat likatikisika, likajikwaa, likasogea. Kuta za gereji zikaanza kurudi nyuma. Pua ya gari ikatoka langoni, jua likaanguka juu ya boneti ya kijani, na Prapti akapiga kelele ya furaha kama msichana.

Kisha akakanyaga breki.

Gari jeusi, jipya, lilikuwa limesimama mbele ya lango, limeziba njia yote. Akashuka mwanamume mnene mwenye miwani, faili kwapani.

"Samahani. Mimi ni Hendarto, natoka Surabaya. Mama yangu ni Bu Ngatinah." Akalizunguka Fiat kwa macho, taratibu, kama mtu anayekagua chumba alichopangisha. "Gari hili lina jina la marehemu baba. Mama peke yake hana mamlaka ya kuliuza. Sahihi ya mrithi ni yangu, na sijatia. Nimekuja kulichukua."

"Kwa miaka mingapi hujaja kumwona mama yako?" Prapti akauliza.

"Hilo ni jambo la familia." Hendarto akafungua faili, akatafuta jina. "Nani hapa ni Pak Tarno?"

Msomaji, kuna simu moja sikukusimulia. Niwie radhi. Mwenyewe Tarno alikuwa akijitahidi kuisahau.

Ni siku ileile ya banda tupu. Kati ya kibanda cha kahawa na nyumbani kwake, alisimamisha pikipiki pembeni ya barabara, akatafuta namba ya mtoto wa mjane, akampigia. "Mama yako amemuuzia Gunadi, mwenye duka la betri, gari la marehemu kwa bei ya kuku," alisema. "Kama una haki, idai." Hendarto alijibu neno moja: "Nitashughulikia." Miezi ikapita kimya. Tarno akajiambia yamekwisha.

Hendarto hakuijua sura yake. Ingetosha kunyamaza. Gunadi alikuwa nyuma, hajui kitu. Prapti alikuwa akimtazama mgeni, si yeye.

"Ni mimi," Tarno akasema.

"Aa, Pak Tarno!" Hendarto akainama kwa adabu. "Nakushukuru sana. Bila simu yako nisingejua lolote."

Injini ilikuwa bado inanguruma. Prapti hakugeuza kichwa. Mikono yake ilibaki kwenye usukani, na Tarno aliona vidole vikibadilika rangi.

"Lini, Mas?"

"Siku ileile. Nilidhani ni la Gunadi. Naapa, Dik, mke wangu, sikujua ni lako."

"Na ulipojua?"

Tarno akafuta mikono mara ya nne.

"Ulipojua ni langu," Prapti akarudia, "miezi miwili na nusu hapo chini ukinichomelea sakafu, ulimpigia tena kumwambia aache?"

Hakuwa amempigia.

"Shuka."

"Dik..."

"Shuka kwenye gari langu."

Tarno akashuka. Mlango ule wa kinyume ukamkawiza, akajikwaa kwenye kizingiti alichokichomelea mwenyewe.

Prapti akatoa kichwa dirishani. "Pak Hendarto, sogeza gari lako. Nakwenda Batu kumchukua mama yako. Ukitaka kumnyang'anya mtu, nifuate, ukamnyang'anye yeye, usoni."

Hendarto alizoea kubishana na watu kwa karatasi, si kwa bampa. Akaingia garini mwake, akarudi nyuma kidogo. Pakapatikana nafasi ya kupita. Fiat likazimika mara moja, likawaka tena, likapita katikati likiacha kidole kimoja cha hewa kila upande, likakata kona kuelekea mlimani. Ndani yake alikuwa mtu mmoja tu.

Gunadi alikuwa amejishika kichwa. Hakumtazama rafiki yake. Akageuka, akaingia gerejini, akafunga lango.

Tarno akabaki barabarani na moshi.

Kioo cha gari jeusi kikashuka. Mlango wa abiria ukafunguliwa kutoka ndani.

"Panda, Pak," Hendarto akasema kwa upole. "Huko Batu nitahitaji shahidi, na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kusema mauzo haya ni batili."

Mlimani, sauti ya injini ndogo ilikuwa inabadili gia, vibaya, kisha vizuri.

Tarno akapanda.